Wali wa moto, yai bichi na sosi ya soya: kifungua kinywa cha Wajapani mnachokitukana kabla ya kukionja

#1 MwanaKyela
Wakuu, habari za asubuhi. Najua wengi wenu mkishafika kwenye neno "bichi" mtafunga uzi na kwenda kwenye siasa. Tulieni kidogo.

Niko Okayama, magharibi mwa Japani, kimasomo. Hapa kuna chakula cha asubuhi kinaitwa tamago kake gohan, vijana wanafupisha TKG. Unachukua bakuli la wali mweupe uliofunuliwa sasa hivi, unapasua yai bichi juu yake, unadondosha sosi ya soya, unakoroga, unakula. Kimeisha. Hakuna kitunguu, hakuna mafuta, hata wali wenyewe umepikwa kwa maji matupu bila chumvi. Mfanyakazi aliyechelewa kuamka anakula hicho, mzee aliyestaafu anakula hicho. Ukilala kwenye nyumba za wageni za kizamani unaletewa yai lako kwenye sinia pamoja na supu ya miso (soya iliyochachushwa na kusagwa) na kipande cha samaki wa kuchoma. Migahawa ya Yoshinoya na Sukiya nayo inauza asubuhi kwa wanaokimbilia treni.

Sasa kwa nini nakipenda. Wali ukiwa wa moto sawasawa, ule ute unakuwa mzito bila kuganda. Hupati yai la kukaanga wala la kuchemsha, unapata kitu kama mchuzi laini wa manjano ulioshika kila punje. Sosi ya soya inaleta chumvi na ule utamu wa mchuzi wa nyama, kiini kinaleta mafuta, na wali unabaki na utamu wake kwa mbali. Ukikoroga kwa nguvu povu linatokea na bakuli zima linakuwa jepesi. Ukikoroga kidogo tu unapata sehemu za wali mtupu na sehemu zenye kiini kizito. Mimi ni wa kundi la kukoroga kidogo.

Na mnaosema "kinateleza, sitaki": sisi tuliokuzwa na mlenda tumepata wapi ubavu wa kumcheka mtu kwa sababu chakula chake kinateleza?

Karibuni, ila matusi mwishoni.

#2 Kifua_Chuma
Sasa hapo kipya ni nini mkuu? Gym tunagonga mayai mabichi matano kwenye glasi, hatuna muda wa wali.

#3 Bi_Kizimkazi
Astaghfirullah. Mwanangu wazazi wako wajua unakula nini huko? Na shombo je? Yai bichi lanuka shombo hata ukiosha bakuli mara mbili.

#4 MwanaKyela
Bi mkubwa shikamoo. Shombo ndiyo niliyoitegemea na sikuikuta. Yai likiwa jipya na limekaa kwenye baridi, harufu yake ni ndogo mno, na sosi ya soya inamaliza kilichobaki. Shombo nyingi tunazozijua nyumbani ni za yai lililokaa juani kwenye trei wiki nzima kabla halijafika dukani.

Wajapani nao wana pua. Kuna wanaotoa ule uzi mweupe unaoshika kiini kwa ncha ya vijiti kwa sababu hawaupendi mdomoni. Wengine wanatia kiini peke yake na ute wanauweka kwenye supu.

#5 Kuku_Kibaha
Mleta uzi umenigusa kazini kwangu, nafuga kuku wa mayai. Naomba uache utamu kidogo uniambie utaratibu. Hao wenzetu wanafanya nini mpaka mtu anakula yai bichi kila asubuhi na hospitali hazijai? Maana mimi hata kwangu, kuku nawajua mmoja mmoja, sithubutu.

#6 MwanaKyela
Mkuu umeuliza swali lenyewe. Nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza, usidhani ilikuwa hivi tangu zamani. Miaka ya 1990 Japani ilisumbuliwa sana na salmonella, bakteria wa kuharisha, iliyotokana na mayai, hasa ile aina ya Enteritidis. Kanuni zikabadilishwa, na tangu 1999 pakiti ya mayai ni lazima iwe na tarehe. Sasa sikiliza hiyo tarehe inahesabu nini: ni mwisho wa kula yai BICHI kwa usalama. Ikipita hulitupi, unalipika.

Hesabu yake inafuata joto. Muda ambao yai linaweza kuliwa bichi, kuanzia lilipotagwa, ni kama siku 16 kipindi cha joto, 25 majira ya katikati, na 57 wakati wa baridi. Ndani ya hizo kuna siku saba za kukaa kwenye friji ya mnunuzi, kwa nyuzi 10 au chini yake. Kampuni nyingi hazisumbuki na majira, zinaandika wiki mbili tu baada ya kupakia, mwaka mzima.

Pili, mayai ya madukani karibu yote yanapita kwenye vituo vya kuosha, kukagua na kufungasha. Yanaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, yanatiwa dawa ya klorini, yanamulikwa taa, lenye ufa linatolewa. Na hapa mkuu ndipo ufundi ulipo: maji yanatakiwa yawe na joto kuliko yai. Ganda lina vitundu maelfu. Ukiliosha yai la vuguvugu kwa maji baridi, vilivyomo ndani vinasinyaa na yai linafyonza uchafu wa nje kupitia vitundu hivyo. Yule anayesuuza trei nzima bombani ili ing'ae anajitafutia balaa.

Cha mwisho kilinishangaza. Supamaketi nyingi hapa haziweki mayai kwenye friji. Yako rafu ya kawaida, ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi. Wanasema yai likitolewa kwenye baridi kali likaingia kwenye joto linatoka jasho, na ganda lililolowa ni njia ya bakteria. Friji inaanza ukifika nyumbani, na ukishaanza usirudi nyuma.

#7 Maabara_Tu
Niongezee kwa mwenzangu wa Kibaha, maana kuna kitu wafugaji wengi hawaambiwi. Kuosha ganda kunaondoa kilicho nje. Salmonella Enteritidis inaweza kuwa NDANI, imeingia kwenye mfuko wa mayai wa kuku mwenyewe kabla ganda halijaumbika. Yai safi, zuri, halina ufa, limebeba mdudu. Ndiyo maana kumjua kuku wako kwa jina hakutoshi.

Mayai ya namna hiyo ni machache. Upimaji mkubwa uliofanyika Japani mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulikuta kama matatu katika laki moja. Na likiwepo, bakteria huwa kidogo sana mwanzoni. Wanachotafuta ni muda na joto. Kile kitando kinachozunguka kiini kikilegea kwa sababu yai limekaa kwenye joto, bakteria wanafikia chakula na wanaongezeka haraka. Kwa hiyo zile siku 16 na 57 alizotaja mleta uzi zinapima kitando hicho kinashikilia kwa muda gani.

Halafu Kifua_Chuma, glasi yako ya mayai matano ni hasara. Kuna utafiti wa Ubelgiji wa 1998: protini ya yai lililopikwa ilifyonzwa mwilini asilimia 91, ya yai bichi asilimia 51. Idadi ya watu waliopimwa ilikuwa ndogo, lakini tofauti ni kubwa. Nusu ya hela yako inakwenda chooni.

#8 Kifua_Chuma
Mkuu umenivunja nguvu asubuhi yote hii.

#9 Maabara_Tu
Na ute mbichi una protini inaitwa avidini, inashika biotini, ambayo ni vitamini, na kuizuia isifyonzwe. Kwa yai moja juu ya wali hakuna tatizo, kiini chenyewe kina biotini. Kwa anayekunywa ute peke yake kila siku miezi na miezi, hapo ndipo nywele zinaweza kuanza kuaga.

#10 Mzee_wa_Leicester
Nawasoma kutoka Uingereza. Msidhani ni Wajapani tu. Hapa 1988 waziri mdogo wa afya Edwina Currie alisema mayai mengi ya nchi yana salmonella. Mauzo yakaanguka na yeye akajiuzulu ndani ya wiki chache. Baadaye wafugaji wakaanza kuchanja kuku, yai likapigwa muhuri wa simba mwekundu, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula ikatangaza kwamba yenye muhuri huo hata wajawazito na watoto wadogo wanaweza kula mabichi au yasiyoiva sana. Na mayai ya hapa hayaoshwi kabisa! Kwa hiyo kuna njia zaidi ya moja ya kufika. Mimi nakula TKG kwa muhuri wa simba na sosi ya Kikkoman, watoto wananikimbia mezani.

#11 Kuku_Kibaha
Aisee. Kwa hiyo huko wanachanja na hawaoshi, kule wanaosha na kuweka tarehe. Sisi hatuoshi, tarehe hatuweki, na chanjo nyingi tunazojua ni za kideri na gumboro, ambazo zinamlinda kuku na hazimhusu mlaji.

Niseme ukweli wa njia ya yai langu. Linatagwa leo, linakaa bandani mpaka trei zitimie, linabebwa na bodaboda, linashushwa dukani, linakaa mlangoni juani, Dar nyuzi 32. Muuza chipsi analichukua baada ya siku ambazo hakuna anayezihesabu. Likigonga kikaango chenye mafuta ya moto, hayo yote yanasamehewa. Mleta uzi, mfumo wetu umejengwa juu ya kikaango. Mfumo wao umejengwa juu ya yule anayekula bichi, na kila mtu njiani anajua kuna mtu atakula bichi.

#12 MwanaKyela
Hapo mkuu umemaliza. Ndiyo maana sitasema hata siku moja "jaribuni nyumbani". Natetea chakula cha hapa, kwa mayai ya hapa.

#13 MamaPishori
Wueh, mimi nilikuwa nataka kujaribu leo. Niko Kerugoya, Kenya, karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea, mchele ninao gunia. Kwani hata nikipata yai safi, wali wetu utafanya?

#14 MwanaKyela
Dada, nitasema kitu kitakachowaumiza watu wa Mwea na wa Kyela kwa pamoja: hapana.

Pishori yenu ni ya ukoo wa basmati, ndefu, inanukia, na sifa yake ni kuchambuka. Ukimwaga yai, linateremka moja kwa moja hadi chini ya bakuli. Juu unabaki na wali mkavu, chini kidimbwi. Mchele wa Kijapani ni mfupi, mnene, una amilosi kidogo (ile wanga inayofanya wali uchambuke), kwa hiyo ukiiva punje zinashikana na kubaki na unyevu juu. Yai linapata pa kushika. Kwetu wali ulioshikana ni aibu ya mpishi, mama mkwe anaweza kuutaja mpaka kwenye kikao cha ukoo. Hapa ndio sifa.

Na harufu ya Kyela, ninayoililia kila siku, inapigana na yai. Wali wa TKG unatakiwa ukae kimya.

#15 MamaPishori
Haya, umetutusi lakini nimeelewa. Ila hao Wajapani mchele wetu wanaujua vizuri. Wako Mwea miaka mingi, hata Bwawa la Thiba lina mkopo wao. Wangetuletea na hilo yai basi.

#16 Bi_Kizimkazi
Mimi bado nipo hapa, nasoma huku nimekunja uso. Juu yake hawatii chochote? Hata pilipili?

#17 MwanaKyela
Wanatia bi mkubwa, na hapo ndipo kila nyumba ina dini yake. Vitunguu vya majani vilivyokatwa ndogo ndogo. Samaki wa katsuobushi, yule anayekaushwa kwa moshi mpaka anakuwa kama kuni halafu anarandwa vipande vyembamba. Mafuta ya ufuta, tone moja. Pilipili ya kuchanganya na ufuta na maganda ya chungwa. Na mwani mkavu uliochanwa, ingawa huo ni wa aina nyingine kabisa, si ule akina mama wa Paje na Jambiani wanaoulima kwa ajili ya viwanda.

Halafu kuna natto, soya iliyochachushwa mpaka inavutika nyuzi. Yai bichi na natto juu ya wali ndio mtihani wa mwisho. Natto nimeikubali, ila siku za mapumziko tu, wakati sina mtu wa kuongea naye kwa karibu.

Vita kubwa ni ipi itangulie. Kuna wanaopiga yai na soya kwenye kibakuli pembeni kisha wanamwaga. Kuna wanaotia soya kwenye wali kwanza, wanachanganya, ndipo yai linafuata. Kuna wanaochapa ute peke yake na wali mpaka uwe povu jeupe, kisha wanaketisha kiini juu kikiwa kizima na kukipasua mwishoni. Mimi nachimba kishimo katikati ya wali, nadondosha yai humo, soya inazunguka kando. Soya ikipigwa pamoja na yai kila tonge lina ladha moja, na mimi napenda tonge la pili lisifanane na la kwanza.

Kitu kimoja ambacho hakina mjadala: wali uwe wa moto. Wali wa jana uliopoa unageuza yote haya kuwa adhabu.

#18 Maabara_Tu
Tafadhali msome vizuri: huo moto wa wali HAUUI bakteria. Ute unaanza kuwa mzito kwenye nyuzi 60 na kidogo, na yai la kutoka kwenye friji linaupoza wali mara moja. Usalama wote ulishafanyika kabla yai halijafika mezani.

#19 Mzee_wa_Leicester
Na historia yake? Mayai ya kuku Japani hayakuwa ya kila mtu zamani.

#20 MwanaKyela
Kweli mzee. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri iliyokataza kula nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku, na kwa karne nyingi kuku alikuwa wa kuwika tu na mayai yake hayakuwa mezani. Zama za Edo, karne ya 17 hadi ya 19, watu walishakula mayai, lakini kwa bei ambayo maskini aliiona kwa mbali.

Anayepewa sifa ya kuueneza ulaji huu ni Kishida Ginkō, aliyezaliwa 1833 huku huku Okayama, sehemu ambayo leo ni mji wa Misaki. Huyu bwana maisha yake yanahitaji uzi wake peke yake. Alimsaidia mmishenari daktari wa Kimarekani, James Hepburn, kuandaa kamusi ya Kijapani na Kiingereza iliyochapwa Shanghai 1867. Mwaka 1874 alifuatana na jeshi kwenda Taiwan kama mwandishi wa habari, ndiye anayehesabiwa mwandishi wa vita wa kwanza wa Japani. Halafu akafungua duka Ginza, mtaa wa Tokyo, akauza dawa ya macho aliyojifunza kwa Hepburn. Katikati ya yote hayo alikuwa anapasua yai bichi kwenye wali na kuwashawishi wengine wafanye hivyo. Mwanawe Ryūsei akaja kuwa mchoraji mashuhuri.

Lakini sifa ya kuwa na sherehe zake haikuanzia hapa, ilianzia mkoa mwingine wa magharibi, Shimane. Mwaka 2002 kijiji cha Yoshida, ambacho sasa ni sehemu ya mji wa Unnan, kilitoa sosi ya soya maalumu ya yai na wali, wameiita Otamahan. Ipo ya ladha ya mashariki na ya magharibi, ya magharibi tamu zaidi. Mwaka 2005 wakaitisha kongamano la TKG, na tarehe 30 Oktoba ikawa siku yake. Vijiji vya Japani vinakimbiwa na vijana, kwa hiyo kila kijiji kinatafuta kitu cha kujitangazia. Wengine wana maporomoko, hawa walichagua yai.

#21 Kuku_Kibaha
Bei je? Maana chakula cha yai moja na wali kinasikika cha bei poa.

#22 MwanaKyela
Kilikuwa. Msimu wa 2022 kuingia 2023 mafua ya ndege yalisababisha kuku zaidi ya milioni 17 kuuawa, wengi wa mayai. Bei ya jumla Tokyo ikafika yeni 350 kwa kilo, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana, na migahawa mingine ikaondoa vyakula vya mayai kwenye orodha. Mayai yalipoanza kutulia mchele ukapanda. Mwaka 2025 mfuko wa kilo tano ulivuka yeni 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, mpaka serikali ikafungua maghala ya akiba. Wanafunzi tulianza kupima wali kwa kikombe. Wapo waliohamia mkate, mimi nilipunguza bakuli.

#23 MamaPishori
Sasa sisi wa huku tufanye nini? Usitutamanishe halafu utuache hivyo.

#24 Maabara_Tu
Mtu wa huku apike yai mpaka kiini kishikane, nyuzi 70 katikati. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa: hakuna majadiliano.

#25 MwanaKyela
Dada, chukua mchele wako mfupi kama utaupata Nairobi, upike kwa maji matupu. Wali ukiwa wa moto weka kwenye kikaango kikavu kwenye moto mdogo, piga yai na soya, mimina, geuza kwa mwiko mpaka lishikane kabisa. Mwishoni tone la mafuta ya ufuta na vitunguu vya majani. Ladha utaikaribia. Ule mtelezo hutaupata, na sitakudanganya kwamba utaupata.

#26 Bi_Kizimkazi
Huo nitaupika. Nitauita wali wa mayai na sitamtaja Mjapani yeyote.

#27 Kifua_Chuma
Mkuu, na mimi nikija Japani naanzia wapi? Sitaki maelezo ya bakteria, nataka njia.

#28 MwanaKyela
Shinkansen, treni ya mwendo kasi, mpaka stesheni ya Okayama. Unabadilisha, unapanda treni ndogo ya laini ya Tsuyama kwenda kaskazini, unashuka Kamenokō. Kituo chenyewe kimejengwa kwa umbo la kobe, kichwa kimetokeza juu ya paa, kwa hiyo huwezi kupitiliza. Huo ndio mji wa Misaki kwa Kishida, wenye mashamba ya mpunga ya ngazi milimani na ufugaji mkubwa wa kuku. Ulizia mgahawa wa Kamecchi, upo tangu 2008 na kazi yake ni hii hii: wali, mayai na sosi za kuchagua. Wahi, jumamosi foleni inatoka nje.

#29 Kifua_Chuma
Mayai matano wanaruhusu?

#30 Maabara_Tu
Asilimia 51, ndugu.